Deni la Mwenye Ramani

Mtu akiwa na wazo kichwani mwake la nyumba, au la daraja, au la kiti tu cha kukalia, wazo hilo ni mali yake peke yake. Hakuna awezaye kumnyang'anya, wala hakuna awezaye kuumizwa nalo. Lakini siku atakapowaambia wengine, Nijengeeni kitu hiki, wazo lamtoka mikononi, na watu waanza kutumia nguvu zao na fedha zao, na pengine hata uhai wao, kwa ajili yake. Ndipo lizukapo swali nitakalo tulifikiri pamoja, wasomaji wapenzi. Mwenye kubuni awiwa nini na wale watakaolitimiza wazo lake, na wale watakaokaa chini ya dari yake? Je, ana haki ya kuficha sehemu ya nia yake, akisema, Mimi ndimi fundi, ninyi fuateni tu? Au yampasa kuifunua yote, hata kwa watu wasio na elimu ya kazi yake?

Najua wako watakaojibu ya kwamba hilo si jambo la wema na ubaya, ni jambo la ustadi tu: achoraye vizuri ataeleweka, achoraye vibaya hataeleweka, basi. Jibu hilo halinitoshi. Mtu aweza kuchora vizuri sana kwa kusudi la kutoeleweka. Na mtu aweza kuchora kwa uaminifu wote, kisha asijishughulishe kutazama kama aliyepokea amefahamu. Yote mawili yana hukumu yake, wala hukumu hizo si moja.

Tuanze na kazi tuijuayo. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu tangu zamani hawakuwa na desturi ya kuchora chombo juu ya karatasi kabla ya kukijenga. Fundi huulaza mkuku mchangani juu ya magogo, kisha huendelea kupima mbao na mataruma kwa jicho lake na kwa mkono wake. Mgeni apitaye hudhani kazi yaenda pasipo ramani. Ramani iko, ila fundi mwenyewe ndiye ramani. Yupo pale tangu asubuhi hata jua kuchwa. Mwanafunzi akikata ubao visivyo, humwambia papo hapo. Na kama maneno hayakutosha, huchukua tezo mkononi mwake akamwonyesha. Swali na jibu havitengani hata hatua kumi.

Taabu huanza pale ambapo mwenye wazo hawezi kuwapo. Pengine ana kazi nyingine, au yu mbali, au kazi yenyewe ni kubwa hata watu mia hawawezi wote kumsikia. Hapo hana budi kutuma mjumbe badala yake. Na mjumbe huyo ni ramani, au mfano mdogo uliochongwa kwa mti, au barua ya maelezo. Ni mjumbe wa ajabu, maana ana ulimi lakini hana masikio. Husema yale aliyoagizwa, na akiulizwa zaidi hunyamaza. Basi yule aliyeletewa, akiona haya kusema, Sikufahamu, atakata jiwe kwa kadiri alivyodhani.

Kanisa kuu la Mkunazini, huko Unguja, lajulikana na wengi. Lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873, na aliyeisimamia kazi ni Askofu Edward Steere, yeye yule aliyeandika kitabu cha kufundishia lugha ya Kiswahili. Wageni waingiao humo huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, nao husimuliwa ya kwamba waashi walizisimamisha hivyo wakati askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha zikae vile vile. Hadithi hiyo husimuliwa kwa kicheko, na kicheko chenyewe huwaangukia waashi siku zote. Mimi nauliza, Je, ni haki?

Nguzo ya namna ile ina kitako na ina kichwa. Aliyekulia karibu na makanisa ya Ulaya hutambua kipi ni kipi tangu utoto wake, hata hakumbuki kama aliwahi kufundishwa. Lakini mwashi wa Unguja, aliyezoea kujenga kwa matumbawe na chokaa kwa desturi ya baba zake, angalijuaje? Jiwe halina maandiko. Ikiwa mambo yalikuwa kama yasimuliwavyo, basi waashi wale walifanya kazi yao sawasawa: nguzo zilisimama wima, zikachukua mzigo wake, na hata leo zauchukua. Lililokosekana ni neno moja tu, upande huu juu, upande huu chini. Na neno hilo lilikuwa kwa mwenye wazo, halikuwa kwao. Simlaumu askofu kwa ukali, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingi kuliko siku za juma. Lakini deni ni deni, hata la mtu mwema.

Sisi walimu twaujua ugonjwa huo vizuri. Jambo ambalo mtu amelijua kwa muda mrefu hugeuka kuwa kama hewa kwake, asilione tena. Mwalimu husimama mbele ya watoto akakasirika kwa nini hawaoni lililo wazi; na lililo wazi, kwake lilichukua miaka miwili. Mwenye kubuni yumo katika hatari hiyo kuliko mwalimu, kwa sababu mtoto asiyefahamu hukosa hesabu yake tu, na kesho atafanya nyingine, bali mwashi asiyefahamu hujenga.

Sasa twende mbali kidogo, mpaka mji wa Florence katika Italia, kwa maana huko alikuwako mtu aliyejua kuficha na kufunua pia, na habari zake zatusaidia kupambanua. Watu wa Florence walianza kujenga kanisa lao kuu mwaka 1296. Miaka zaidi ya mia ikapita, na juu ya kanisa pakabaki tundu lenye upana wa zaidi ya mita 40, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua namna ya kulifunika. Desturi ilikuwa kujenga kwanza jukwaa la miti la kuyashika matofali mpaka kuba ikutane katikati na kujishika yenyewe. Lakini kwa upana ule na kwa kimo kile, jukwaa lenyewe lingalikuwa ni msitu mzima. Mwaka 1418 wasimamizi wa kazi wakatangaza mashindano, na mfua dhahabu mmoja, jina lake Filippo Brunelleschi, akasema ya kuwa aweza kuijenga kuba pasipo jukwaa hilo. Wakamwambia, Tueleze jinsi utakavyofanya. Akakataa kueleza yote.

Mwandishi Giorgio Vasari, aliyechapisha habari za mafundi wa Italia mwaka 1550, asimulia ya kwamba Brunelleschi aliwaambia wapinzani wake, Awezaye kusimamisha yai wima juu ya meza ya mawe, huyo na apewe kazi. Wote wakajaribu, wakashindwa. Naye akaligonga yai kitako, likapondeka kidogo, likasimama. Wakapiga kelele, Hata sisi tungaliweza kufanya hivyo! Akawajibu ya kuwa hata kuba wangaliweza, kama angaliwaonyesha mpango wake. Ni hadithi tamu, na yamkini imetiwa chumvi. Watu huipenda kwa werevu wake; mimi naona yatueleza nusu tu ya mtu huyu.

Nusu ya pili ni hii. Alipopewa kazi, na ujenzi ukaanza mwaka 1420, kwa wapinzani alikuwa mlango uliofungwa, bali kwa waashi wake alikuwa mlango wazi. Aliwatengenezea mifano ya mti na ya nta. Walioandika maisha yake wasema ya kwamba hata alichukua mizizi minene ya kuliwa, iliyo kama viazi, akaichonga kwa kisu, ili amwonyeshe mkata-mawe jinsi pembe ya jiwe hili itakavyoingiana na pembe ya jirani yake. Nalipenda jambo hilo kuliko kuba yenyewe. Mkata-mawe hakusoma elimu ya maumbo, wala hakuwa na nafasi ya kuisoma. Lakini kitu kilichochongwa aliweza kukishika kiganjani, akakigeuza, akakilinganisha na jiwe lililo mbele yake, na kama hakikufanana, aliweza kurudi kuuliza. Mwenye wazo alishuka hadi mahali ufahamu wa mwenziwe ulipokuwa, asingoje mwenziwe apande. Kuba ilifungwa mwaka 1436, nayo ingali imesimama.

Kwa hiyo napambanua hivi. Mtu ashindanaye na wengine kwa kazi hana deni la kuwapa wapinzani wake akili yake bure. Kufunga mdomo mbele yao si dhambi, ijapokuwa majivuno ya yai yale hayanipendezi. Lakini mwenye kuinua jiwe si mpinzani. Yeye hupanda juu kwa sababu ameamini neno la aliye chini, na kumficha huyo ni kumwibia haki ya kujua akanyagapo.

Wapo lakini watu wa tatu, nao ndio wagumu kuliko wote: wale wanaotoa fedha na watakaoitumia nyumba. Hao si wapinzani, wala si waashi. Mara nyingi hawaijui kazi, nao hutaka kuiamulia. Je, hao nao waonyeshwe yote?

Jambo hilo lilimpata Christopher Wren katika mji wa London. Moto mkubwa wa mwaka 1666 uliliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, naye akapewa kazi ya kubuni jipya. Alichora, akachora tena. Kisha, katika miaka ya 1673 na 1674, akaagiza mfano mkubwa utengenezwe kwa mti wa mwaloni. Urefu wake ni zaidi ya mita 6, na mtu aweza kuingia ndani yake akasimama na kutazama juu. Gharama yake ilikuwa kiasi cha paundi 600, fedha nyingi sana kwa siku zile. Ni vigumu kufikiri njia ya uaminifu zaidi ya kuonyesha wazo. Hakuwapa wakubwa wa kanisa mistari ambayo wasingaliweza kuisoma. Aliwapa kanisa lenyewe, dogo, waliingie kwa miguu yao.

Wakaingia, wakatazama, wakalikataa. Walisema halifanani na makanisa makuu waliyoyazoea, yenye urefu wa kupitia maandamano. Tena kanisa la umbo lile lisingeweza kujengwa sehemu kwa sehemu, na kutumiwa huku likijengwa. Wren alihuzunika sana. Kitabu cha habari za jamaa yake chasema ya kwamba tangu hapo alikata shauri asitengeneze tena mifano, wala asionyeshe michoro yake hadharani, kwa sababu aliona kazi yapoteza wakati na kutiwa chini ya hukumu ya watu wasioijua. Mwaka 1675 alitoa ramani nyingine, mfalme akaikubali, na pamoja na kibali akampa ruhusa ya kubadili mambo, yaliyo ya mapambo zaidi kuliko yaliyo ya asili ya jengo. Wren aliitumia ruhusa hiyo kwa mkono mpana. Katika ramani iliyokubaliwa mlikuwa na kuba fupi iliyobeba mnara mrefu mwembamba juu yake. Kanisa lililotangazwa kuwa limekwisha mwaka 1711 lina kuba kubwa ijulikanayo duniani kote, na mnara ule haumo.

Wengi husema, Tazameni uzuri wake, ni nani awezaye kumlaumu? Hoja hiyo yaniudhi kidogo. Kama uzuri wa tunda hufuta kila neno juu ya njia lililopatikana, basi yeyote aliyefaulu atakuwa mwenye haki, na mkosaji ni aliyeshindwa tu. Tena wale wakubwa wa kanisa hawakuwa wajinga kama wasimuliwavyo. Hawakujua elimu ya kuba, kweli. Lakini walijua watasalije, na fedha zitapatikanaje. Fedha zilitoka katika ushuru wa makaa ya mawe, zikaja kidogo kidogo kwa miaka mingi, na kanisa likajengwa kwa muda wa zaidi ya miaka 30. Mtu aliyesema, Tupeni nyumba iwezayo kutumiwa kabla haijesha, alisema neno la busara, hata kama mdomo wake haukujua jina la nguzo moja.

Hata hivyo simhukumu Wren pamoja na wadanganyifu. Aliifunua nia yake yote mara moja, kwa gharama kubwa, wakaikataa; na baadaye alikaa ndani ya ruhusa aliyopewa, ijapokuwa aliivuta mpaka mwisho wa kamba yake. Na liko jambo jingine lenye uzito zaidi kwangu: miaka yote ile yeye mwenyewe alikuwako, akiisimamia kazi tangu jiwe la kwanza, mfano wa yule fundi wa jahazi mchangani. Kama ramani ilinyamaza, mwenye ramani aliweza kuulizwa.

Kuficha kwa kusudi, basi, si ubaya ulio mkubwa kupita wote katika kazi hii. Ubaya mkubwa zaidi hauna hata sura ya ubaya. Huja pale kila mtu adhanipo ya kuwa mwenziwe amekwisha kufahamu na kuhakikisha.

Mwaka 1980 hoteli kubwa iitwayo Hyatt Regency ilifunguliwa katika mji wa Kansas City, Marekani. Ndani ya ukumbi wake mlikuwa na madaraja ya kupitia watu, yaliyoning'inizwa darini kwa vyuma virefu vyembamba, na mawili kati yake yalikuwa moja juu ya jingine. Mchoro wa kwanza ulionyesha chuma kimoja kitokacho darini, kikapenya daraja la juu, kikashuka mpaka la chini, na kila daraja likikalia nati yake yenyewe. Watengenezaji wa vyuma waliona ni kazi ngumu kupandisha nati mpaka katikati ya chuma kirefu namna ile. Wakapendekeza vyuma viwe viwili: cha kwanza kitoke darini na kuishia katika daraja la juu, na cha pili kianzie katika daraja la juu na kulishika la chini.

Kwa macho, badiliko hilo ni dogo. Lakini fikiri watu wawili walioning'inia katika kamba moja, mmoja juu na mmoja chini, na kila mmoja ameishika kamba kwa mikono yake. Sasa mwambie wa chini, Iache kamba, shika miguu ya mwenzio. Kamba yenyewe haikuongezewa kitu. Mikono ya yule wa juu imeongezewa mzigo mara mbili.

Tarehe 17 Julai 1981, jioni, watu wengi walikuwa wamekusanyika ukumbini kwa dansi. Madaraja yakaanguka. Watu 114 walikufa, na zaidi ya 200 waliumia.

Uchunguzi ulionyesha ya kwamba hata mchoro wa kwanza haukufikia nguvu iliyotakiwa na sheria ya mji, na baada ya badiliko kiungo kikawa dhaifu zaidi. Lakini fuata njia ya wazo, tangu kichwani mpaka chumani. Wahandisi walitoa michoro yao wakitazamia ya kwamba watengenezaji wa vyuma watakikamilisha kiungo kile kwa hesabu zao wenyewe. Watengenezaji wakaipokea wakidhani hesabu zimekwisha kufanywa. Michoro ya karakana ikarudi kwa wahandisi, ikatiwa muhuri wa kukubaliwa, wala hakuna aliyeketi akakihesabu kiungo kile. Wahandisi wawili waliondolewa ruhusa ya kufanya kazi yao katika jimbo la Missouri, nami naona ni haki. Muhuri ni neno la mtu. Autiaye asema, Nimetazama, nimepima; na kama hakupima, basi karatasi imesema uongo kwa jina lake, naye huku yuko nyumbani akila chakula chake kwa amani.

Hapo ndipo nionapo deni lenyewe lilivyo. Mwenye kubuni hajalipa anapomaliza kuchora. Akishamtuma mjumbe asiye na masikio, yampasa kwenda mwenyewe, au kumtuma mtu mwenye masikio, aulize, Umesikia nini? Asiulize, Umefahamu? kwa maana kila mtu hujibu ndiyo. Na amwambie aliyepokea alieleze jambo kwa maneno yake mwenyewe. Dakika chache za maongezi juu ya kiungo kimoja, kati ya aliyechora na aliyefua chuma, zingalionyesha ya kuwa hesabu ile haina mwenyewe.

Nao wapokeao wana sehemu yao. Katika vijiji vyetu, tunapotaka kujenga darasa, au zahanati, au nyumba ya mwalimu, ramani huletwa na kufunuliwa mezani mbele ya wazee na kina mama. Wote huinama, hutazama, husema, Naam, nzuri. Mara nyingi nimesikia Naam hiyo, na mara nyingi haina maana yoyote ila heshima na haya. Ramani huonyesha nyumba kama imwonekanavyo ndege arukaye juu yake, paa likiwa limeondolewa. Mstari mnene ni ukuta. Kipande cha duara ni mlango ufungukapo. Nani aliyetufundisha kusoma hayo? Hakuna aibu kuuliza, kama wahenga walivyotuambia; lakini vilevile si haki kumwachia mkulima ajasiri kuuliza mbele ya mtu aliyevaa viatu vya mjini, huku yule mwenye viatu akikunja karatasi yake upesi.

Iko njia isiyo na gharama, na mafundi wengi huijua, kwa kuwa hawana budi kuifanya siku ya kuchimba msingi. Leteni vigingi na kamba kabla ya siku hiyo. Pimeni nyumba juu ya ardhi yenyewe, ukuta kwa ukuta, mkiacha nafasi za milango. Kisha waiteni watakaoitumia, waingie, watembee. Mama mwenye kupika atasimama pale palipoandikwa jiko, atageuka kama mtu aliyebeba sufuria ya moto, atauliza upepo wa kusi wavuma kutoka upande gani. Mzee atakwenda kutoka kitandani mpaka mlangoni, akihesabu hatua zake. Mwalimu atasimama mbele ya watoto wasiokuwako, aone kama jua la saa tatu litampiga machoni. Na mmoja wao akisema, Mlango huu hautufai hapa, fundi ataking'oa kigingi na kukipigilia mahali pengine.